Anakonda kwa Ukaidi: Uchambuzi wa Kisa cha Farasi Mstaafu wa Mbio

Farasi wa kisa hiki ni dume aliyehasiwa wa mbegu ya Thoroughbred, miaka 6, rangi ya kahawia iliyoiva. Alianza mbio akiwa na miaka 2, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, akashinda mara chache, kisha akaanza kumaliza nyuma mpaka mmiliki wake akaona anakula kuliko anavyoingiza. Hakuvunjika mfupa, wala hakuwa kilema. Aliachishwa kazi kwa sababu inayowaachisha wengi: kasi haikutosha. Nitamwita Mshale, jina ambalo si la uwanjani.

Aliyemchukua ni mwanamke wa makamo, mpandaji wa tangu utotoni. Farasi aliowazoea, lakini, ni wa kufundishia na wa matembezi, wale wanaosimama hata mpandaji akisahau hatamu. Alimpata Mshale kupitia mpango wa kuwatafutia makao farasi waliostaafu, akatia saini mkataba, akamleta nyumbani. Mwezi wa tatu ukamkuta akiandika barua ya kutaka kumrudisha. Aliandika kwamba farasi ni mkorofi, hapandiki, na anakonda kwa ukaidi.

Barua ilinifikia, na neno hilo la mwisho ndilo lililonifungisha safari. Mnyama hakondi kwa ukaidi. Anakonda kwa sababu hali chakula, au anakula kisichomfaa, au anaumwa. Nilikwenda nikiwa na dhana ambayo kisa hiki kiliithibitisha karibu yote: kwa farasi aliyetoka uwanjani, kinachoitwa ukorofi huwa ni maumivu, au ni somo la kazi yake ya zamani analolitekeleza vizuri mbele ya mtu asiyelijua. Ugumu wa kumlea ni kutofautisha hayo mawili, halafu kuyashughulikia kwa mpangilio unaotakiwa. Ukianza na darasa wakati mwili unauma, utamfundisha kuogopa darasa.

Mambo yalivyokwenda

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Mshale alishuka kwenye lori kwa adabu, akaoshwa, akapigwa brashi, akainua mguu mmoja mmoja kwato zikaguliwe. Mlezi akashangaa: huyu ndiye yule waliyemtishia kwamba ana moto? Mshangao huo ni wa wengi. Farasi wa mbio hushikwashikwa na watu kila siku ya maisha yake. Saisi, yaani mtunza farasi, anamsugua alfajiri, daktari anampima, mhunzi anamvalisha viatu, lori linampeleka kwenye makelele na kumrudisha. Kwa mambo ya kushikwa chini ana elimu kuliko farasi wengi wa nyumbani. Lakini kutulia akisuguliwa ni jambo moja, na kutulia akipandwa ni jingine kabisa. Binafsi, farasi aliyetulia kupita kiasi siku za kwanza hunitia wasiwasi kuliko yule anayeruka. Huenda amechoka, au bado hajajua yuko wapi.

Kwa kumwonea huruma, mlezi alimfungulia uwanja mpana wenye majani mabichi, peke yake. Mshale hakula. Alitembea kandokando ya uzio, akifika kona anageuka, anarudi, mpaka akachimba njia ya udongo mtupu. Mlezi akahitimisha kwamba hapendi malisho, akamrudisha bandani. Huko bandani akaanza kung'ang'ania ukingo wa mlango kwa meno na kuvuta hewa kwa mlio wa koo. Mbavu zikaanza kuhesabika. Akaongezewa nafaka. Akazidi kukonda, na kuwa mkali zaidi.

Wiki ya pili akatiwa tandiko. Mlezi akapanda kipandio, ile ngazi fupi ya kumpandia farasi, akatia mguu kwenye kikuku, na kabla hajakaa farasi akawa ameshaondoka. Akavuta hatamu, farasi akaongeza mwendo. Akavuta zaidi; farasi akashika shoti. Alianguka, kwa bahati bila kuvunjika. Mwalimu mmoja wa upandaji akashauri lijamu, kile chuma cha mdomoni, kali zaidi. Kwa lijamu hilo Mshale alijifunza jambo moja jipya: kusimama kwa miguu ya nyuma. Hapo ndipo barua ilipoandikwa.

Nilichokikuta

"Mzee wangu, huyu ananidharau," mama yule aliniambia tukiwa mlangoni pa banda. Nikamwomba, "Binti, mpe chakula nimwone anavyokula."

Mshale aliupokea mchanganyiko wa nafaka kwa pupa, akatafuna kidogo, akaacha. Akarudi nyuma hatua mbili, akageuza shingo akatazama ubavu wake, akaenda mlangoni kuuma mbao. Baada ya muda akarudia tena: kula kidogo, kuacha, kuuma mbao. Tulipomkaza mkanda wa tandiko alilaza masikio na kupiga meno hewani, bila kumgusa mtu. Nilipopitisha kidole gumba taratibu kando ya uti wa mgongo, nyuma ya mabega, ngozi ilitetemeka na mgongo ukazama. Kinyesi kilikuwa chepesi. Manyoya hayakuwa na mng'aro.

Kwa kipimo cha hali ya mwili alichokibuni mtafiti Henneke katika Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 1983, chenye alama 1 (aliyekonda kabisa) hadi 9 (aliyenenepa kupita kiasi), nilimpa 3. Farasi wa mbio akiwa kazini huwa mwembamba kwa kawaida, na huyu alikuja akiwa 4 hivi. Kwa hiyo alikuwa ameshuka wakati wa mapumziko, yaani wakati ambao alipaswa kupanda.

Nikamwomba mlezi asimpande tena mpaka daktari wa mifugo apite. Hakufurahi. Alitaka mbinu, mimi namletea daktari.

Tumbo

Nitakaa hapa kidogo, maana nusu ya kisa iko hapa.

Tumbo la farasi limeumbwa kwa mnyama anayelisha sehemu kubwa ya mchana na usiku, kidogo kidogo. Asidi humiminika muda wote, awe anakula au hali. Anapotafuna majani hutoa mate mengi, na mate hayo hupoza asidi. Sehemu ya juu ya tumbo haina utando wa ute wa kuikinga. Ya chini inao. Sasa mchukue farasi huyo, mfungie bandani saa 22 au 23 kwa siku, mpe nafaka nyingi na majani machache ili awe mwepesi, kisha mkimbize. Anapokimbia, misuli ya tumbo hubana na asidi hurushwa juu, kwenye ile sehemu isiyo na kinga. Ndiyo maana tafiti zinazochunguza farasi wa mbio walio mazoezini huwakuta walio wengi na vidonda vya tumbo. Kwa farasi aliyetoka uwanjani juzi, mimi huanza na dhana kwamba anavyo, halafu nisubiri kuthibitishiwa kwamba hana.

Daktari aliingiza kamera ya mrija mrefu baada ya kumfungisha chakula usiku kucha, na vidonda vikaonekana. Dawa ilikuwa omeprazoli, ambayo kwa kawaida hutolewa miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Ikabainika pia kwamba jirani mwema alikuwa amemshauri mlezi kumpa dawa ya maumivu ya aina ya fenilbutazoni "kwa ajili ya mgongo". Dawa hiyo ina kazi yake, lakini ni miongoni mwa zinazoweza kuzidisha vidonda. Ilisimamishwa.

Dawa peke yake ni kupaka chokaa ukuta unaovuja. Lishe ilibidi ipinduliwe. Farasi mtu mzima anahitaji majani makavu angalau asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, na ikiwezekana 2. Kwa Mshale, ambaye akijaa hufika kilo 500, hiyo ni kilo 7.5 hadi 10. Alikuwa hapati hata nusu. Tukamwekea nyasi kavu muda wote, kwenye wavu wenye matundu madogo ili asizimalize kwa mkupuo, tukaongeza lusani, mmea wa malisho ambao kalisi yake husaidia kupoza asidi. Nafaka ikapunguzwa hadi ikawa kidogo, na mafuta ya mimea yakachukua nafasi yake kama chanzo cha nguvu. Mabadiliko hayo yalifanywa polepole kwa wiki mbili, kwa sababu vijidudu vya utumbo mpana vinavyosaga majani havizoei chakula kipya kwa siku moja. Ukivishtua, unapata msokoto wa tumbo, na msokoto huua. Majani mabichi nayo yana kanuni hiyo hiyo: muda mfupi kwanza, kisha mrefu zaidi, maana wingi wa ghafla waweza kuleta uvimbe mchungu ndani ya kwato.

Kabla dawa haijamalizika, ule ukali wa kukazwa mkanda ulikuwa umepungua. Hakuna aliyemfundisha chochote.

Mgongo, kwato na mguu mmoja

Tandiko lilikuwa la farasi wa zamani wa mlezi, mpana wa mgongo. Thoroughbred ana mabega yaliyoinuka na misuli iliyobonyea nyuma yake, hasa akikonda, kwa hiyo tandiko lilikuwa linakalia mfupa. Lilibadilishwa. Likabadilishwa tena baadaye aliponenepa, gharama ambayo hakuna anayemtahadharisha mlezi mpya. Picha za eksirei hazikuonyesha miiba ya uti wa mgongo kusuguana, tatizo la kawaida kwa mbegu hii, na hilo lilitupa nafuu.

Kwato zilikuwa na ncha ndefu na visigino vilivyolala, kuta nyembamba zilizojaa matundu ya misumari. Viatu vya alumini vya mbioni vilitolewa. Ukuta wa kwato hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, hivyo kwato mpya kamili ilikuwa suala la karibu mwaka mzima, mhunzi akija kila baada ya wiki tano au sita. Hapo hapana njia ya mkato.

Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa na uvimbe mwembamba, baridi, nyuma ya mfupa. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha kovu la zamani kwenye kano iliyo karibu na ngozi, upande wa nyuma wa mguu. Karatasi za makabidhiano hazikulitaja. Sidhani kuna aliyeficha. Kovu baridi halimchechemeshi farasi, na uwanjani wanaangalia anayechechemea. Lakini kano iliyowahi kuchanika haishikamani kwa nguvu ileile ya mwanzo, na hilo liliamua mustakabali wake kuliko jambo lolote lingine. Mlezi alikuwa na ndoto ya kumrukisha vikwazo. Ndoto hiyo iliishia kwenye skrini ya daktari.

Laiti kipimo hicho kingefanywa kabla ya mkataba. Kwa anayefikiria kumchukua mstaafu, hiyo ndiyo fedha ya kwanza kutumia, kabla ya tandiko na kabla ya blanketi.

Alichofundishwa uwanjani

Mwili ulipoanza kutengemaa, ndipo tulipoanza kuzungumzia tabia. Na hapa mlezi alicheka kwa mara ya kwanza, kwa sababu kila kosa la Mshale lilikuwa na mwalimu wake.

Kuondoka kabla mpandaji hajakaa? Uwanjani joki, mpandaji wa mbio, hapandi kipandio. Saisi humrusha juu kwa kumshika mguu, mara nyingi farasi akiwa anatembea. Hakuna aliyewahi kumwambia Mshale asimame.

Kukimbia akivutwa hatamu? Joki hukaza hatamu na farasi huegemea lijamu. Mkazo huo ndio tegemeo lake akiwa kasini. Kwa farasi wa kupandia, kuvuta ni kusema "simama". Kwa Mshale, kuvuta kulikuwa ni kusema "shika, twende". Yule mama aliyekuwa akivuta kwa hofu alikuwa anampa amri ya shoti, na lijamu kali likaongeza maumivu juu ya amri. Farasi akikatazwa kwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja, hubaki na njia moja tu, ya juu.

Kushtuka akibanwa kwa miguu? Joki hukunja magoti juu ya vikuku vifupi, miguu yake haizungukii ubavu wa farasi. Mpandaji wa kawaida akining'iniza miguu mirefu na kubana, kwa farasi huyu ni mguso mgeni mahali ambapo, kwa miezi yote ile, palikuwa panauma.

Darasa likaanza chini, bila tandiko. Kutembea akiongozwa, kusimama kwa neno, kurudi nyuma hatua moja, kupita juu ya nguzo zilizolazwa ardhini. Duara zilimshinda mwanzoni, maana uwanjani kona ni pana na uzito wote umelala mbele. Tukafanya duara kubwa, kwa mwendo wa hatua, pande zote mbili, kwa dakika chache tu. Kusimama kwenye kipandio kulifundishwa kama somo kamili: mama anapanda kipandio, farasi akitulia anashuka, basi, kazi imeisha. Kesho yake tena. Mpaka ikafika mahali farasi akawa anajisogeza mwenyewe kipandioni.

Alipopandwa tena, lijamu lilikuwa laini na agizo kwa mpandaji lilikuwa moja, gumu kuliko linavyosikika: akiongeza mwendo, usimvute, legeza. Mpe mkazo mfupi upande mmoja na uuachie, mzungushe kwenye duara pana, toa pumzi, kaa chini. Farasi wa mbio akikosa cha kuegemea hupunguza. Mama yule ilimbidi apigane na mikono yake mwenyewe kuliko alivyopigana na farasi. Ilichukua muda, na mara mbili tatu alishuka akaongoza kwa miguu badala ya kujilazimisha, uamuzi ambao mimi nauhesabu kuwa upandaji bora.

Upweke

Ile njia ya udongo kando ya uzio ilikuwa na maelezo rahisi. Maisha yake yote Mshale alitoka mazoezini na wenzake, akalala akiwaona, akasafirishwa nao. Uhuru aliopewa ulikuwa wa kuachwa peke yake mahali asipopajua, na kwa mnyama wa kundi hiyo ni hatari tupu.

Aliletewa jike mzee asiyepandwa tena kwa sababu ya viungo. Hatukuwachanganya siku ya kwanza. Waliwekwa kwenye viwanja viwili vinavyopakana mpaka wakazoeana, kwa kuwa mstaafu wa mbio mara nyingi hajawahi kuishi kundini tangu akiwa mtoto na hajui adabu zake. Jike yule alimfunza haraka. Mateke mawili, yasiyofika, na Mshale akajua nani anakula kwanza. Juma lilelile alianza kulisha akiwa ameinamisha kichwa.

Kuuma mbao hakukuisha. Kumepungua sana, lakini hakukuisha, na mlezi ameambiwa asitarajie kuisha. Tabia hiyo ikishakita mizizi huendelea hata chanzo kikiondoka. Kumfunga kola ya shingoni kungemzuia bila kumtibu, kwa hiyo hatukumfunga.

Mkataba

Mikataba ya kuwachukua wastaafu hufanana: hatarudishwa mbioni, hatauzwa bila idhini, wakaguzi watakuja, na akishindikana atarudi kwa waliomtoa. Wengi huisoma kama minyororo. Ina historia yake. Farasi aitwaye Ferdinand alishinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri za Marekani, mwaka 1986 na kuwa Farasi wa Mwaka wa Marekani 1987, akauzwa Japani kuwa dume la mbegu, na mwaka 2003 habari zikatoka kwamba alikuwa ameishia machinjioni mwaka uliotangulia. Kama bingwa wa namna ile aliweza kupotea, aliyemaliza wa nane ana nani wa kumwulizia? Baada ya hapo juhudi za kuwatunza wastaafu ziliongeza kasi, na mwaka 2012 Marekani iliundwa Thoroughbred Aftercare Alliance, inayokagua na kufadhili taasisi zinazowapokea. Uingereza ilikuwa na shirika la namna hiyo, Retraining of Racehorses, tangu mwaka 2000.

Kwa hiyo kifungu cha kurudisha si aibu, na nilimwambia mlezi hivyo tangu mwanzo. Hesabu alizopaswa kuzifanya zilikuwa nyingine. Farasi wa miaka 6 aweza kuishi hadi 25 na zaidi. Huyu hataruka vikwazo. Anahitaji mhunzi mzuri, nyasi kavu za kutosha mwaka mzima, na mwenzake wa kudumu, ambaye naye anakula. Aliomba muda wa kufikiri, akachukua muda wenyewe, kisha akaifuta barua. Mkataba ukaandikwa upya: matembezi na mazoezi mepesi ya uwanjani, bila vikwazo, kano ikipimwa mara kwa mara.

Karibu mwaka umepita. Mshale ana alama 5 kwenye kipimo cha mwili, anapandwa kwa hatua na kwa mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo, na shoti fupi ya taratibu kwenye uwanja uliozungushiwa uzio, si kwenye nyika wazi. Sasa mlezi anauliza kama anaweza kumpeleka kwenye maonyesho ya farasi. Nimemjibu ndiyo, ila safari za kwanza asichukue tandiko kabisa. Lori la alfajiri, vipaza sauti na farasi wageni, kwa Mshale, ni siku ya mbio, na moyo wake utajiandaa kwa mbio. Ampeleke pamoja na yule jike, amtembeze kwa kamba, ampe wavu wa nyasi, warudi nyumbani. Akirudia hivyo mpaka Mshale awe anakula akiwa huko huko, ndipo tuzungumze habari ya kumpanda.